Linux ya pili, GRUB, na hii desturi yetu ya kuformate

Leo sitaandika juu ya muhogo wala juu ya mboleo. Ninataka kukosoa GRUB. Wengi wenu muko nayo ndani ya mashini na hamujui jina lake: njo ile programu ndogo inayoamka wa kwanza unapofinya batani ya kuwasha, mbele ya Linux yenyewe. Inakuonyesha menyu, unachagua mfumo, nayo inauamsha ule mfumo. Kazi yake inaisha kwa sekunde chache. Lakini siku inapokwama, mutu anaweza kupoteza memware ya mwaka muzima, na siyo kwa kosa la GRUB peke yake.

Windows 10 iliachwa bila msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Hapa Bukavu mashini nyingi tunazotumia ni za okazio, na nyingi kati yazo Windows 11 inazikataa. Kwa hiyo vijana wengi wamehamia kwa Linux, na ni jambo jema: haiombi leseni, R na QGIS zinatembea vizuri, na virusi vya flashi za sekretaria haviisumbui. Kisha miezi michache, hamu inakuja. Uko na Linux Mint, lakini semina ya QGIS ilifanyika na Ubuntu. Ao rafiki anakuambia Debian ni nyepesi zaidi. Diski iko na nafasi, unakata partisio mpya, unainstale Linux ya pili kando ya ile ya kwanza. Unawasha upya, na ile ya kwanza haiko tena kwenye menyu. Hata jina lake halionekani. Ao mbaya zaidi: kioo cheusi, neno moja grub>, na kamstari kanapepesa.

Vitu vyako viko? Viko, vyote. Kama ungeacha kusoma hapa, shika tu hilo.

Mutu wa Bukavu ataelewa hivi. Parseli moja, nyumba mbili ndani. Mpangaji wa kwanza alikuwa na santinele wake kwa mlango. Mpangaji wa pili anafika na santinele wake mwenyewe, anamuweka pale, na yule wa zamani anasukumwa kando. Mgeni wa mpangaji wa kwanza akipiga hodi, santinele mpya anajibu: "Huyo mutu mimi simujue." Nyumba haikuungua. Kitanda na masufuria viko ndani. Ni santinele tu hakupewa orodha ya wakaaji wa parseli.

Sasa sikiliza namna sisi tunatatua jambo hilo. Mudogo mmoja wa fakilte yetu alinijia na mashini ndani ya sashe. "Yaya, mashini ilikufa. Kule kwa atelie banasema ni kuformate tu, dola kumi." Ndani yake kulikuwa na vipimo vya maharagwe vya miezi mitatu, kutoka viwanja vya Walungu, na sura mbili za memware. Hakuwa na kopi fasi nyingine, kwa sababu kupandisha vitu kwa intaneti kunakula mega. Alikuwa na Mint, akaongeza Debian 12. Debian iliamka vizuri, Mint haikuonekana. Fundi hakufungua hata menyu ya mashini. Aliona jina moja, akasema nyingine ilikufa.

Ilikuwa HP. Kwa HP unafinya F9 mara tu mashini inapowaka (kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12), na mashini yenyewe inakuonyesha ni mifumo gani imejiandikisha kwake. Kulikuwa na mistari miwili: debian, na ubuntu. Mudogo akasema, "Lakini mimi sijainstale Ubuntu hata siku moja." Nikamwambia chagua hiyo hiyo. Mint ikaamka, na maharagwe yake yote ndani. Hiyo ilikuwa dakika moja. Nusu saa iliyobaki tuliingojea kuran irudi, kwa sababu betri yake ilikuwa imechoka na sikutaka kugusa GRUB juu ya betri ya namna ile. Delestage ikikukuta katikati ya kuandika faili za kuwashia, hapo njo utapata ugonjwa wa kweli.

Dola kumi za kufuta vipimo vya msimu muzima! Sisemi mafundi ni wabaya. Kuformate ni kazi yenye bei inayojulikana, inachukua saa moja, na mteja anarudia nyumbani na mashini inayowaka. Kuchunguza hakuna bei. Lakini sisi wa agronomia tungepaswa kuwa wa kwanza kukataa. Mukumbuke mnyauko wa migomba, ule wa bakteria Xanthomonas. Shauri la kwanza lilikuwa kung'oa kisiki kizima, mama na machipukizi yote, hata yale yanayoonekana mazima. Wakulima walikuwa wanakataa, na walikuwa na haki: ile migomba ni chakula cha nyumba na minervali ya watoto. Baadaye watafiti walionyesha, na hapa Kivu pia, kwamba ukikata tu lile shina linaloonyesha ugonjwa, karibu na udongo, na kisu kilichopitishwa kwa moto ao kwa javeli, na ukirudia bila kuchoka, ugonjwa unashuka na shamba linabaki. Tumeandika hayo kwenye mitihani. Kisha tunapeleka mashini kwa atelie na tunakubali ing'olewe kisiki kizima.

Nimesema ya kwetu. Sasa GRUB yenyewe, kwa sababu fundi ana sehemu yake na waliotengeneza programu wana yao.

Jina GRUB ni kifupi cha maneno yanayosema kwamba hii ni butiloda kubwa inayounganisha yote. Ilianza mwaka 1995, wakati Erich Boleyn alikuwa anatafuta kuamsha mfumo wa GNU Hurd. Yeye na mwenzake walichoka kuona kila mfumo unakuja na njia yake ya kuamka isiyopatana na ya wengine, wakaandika kanuni moja ya pamoja ili wasiongeze nyingine juu ya rundo. Ni wazo zuri, na kwa miaka mingi GRUB ililishika. Ilikuwa na msaidizi anayeitwa os-prober. Huyo kazi yake ni kuzunguka partisio zote, kupiga hodi, kuuliza "nani anaishi humu?", na kuleta majina kwa menyu. Uliinstale Linux ya pili, os-prober ikaona ya kwanza, menyu ikawa na zote mbili. Watu hawakujua hata kwamba kuna mutu anayefanya ile kazi.

Mwaka 2021, katika toleo la 2.06, GRUB ilimsimamisha os-prober kazi. Bado yuko, lakini haitwi mpaka wewe mwenyewe uandike kwamba aitwe. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ilifuata uamuzi huo. Sababu ziko, na si za kuchekwa. Os-prober anatembea na mamlaka yote ya mashini na anafungua partisio asizozijua, hata zile za mashini pepe ndani ya seva kubwa. Mutu mubaya anaweza kuweka mtego ndani ya partisio moja wapo. Kwa yule anayechunga seva mia moja, uamuzi ule ni wa busara.

Lakini uangalie nani analipa. Mwenye seva hainstale Linux mbili kando kando. Yule anayefanya hivyo ni mwanafunzi mwenye mashini moja na diski moja. Njo yeye peke yake alikuwa anamuhitaji os-prober, na njo yeye alinyang'anywa. Na onyo? Onyo liko. Linaandikwa ndani ya teminali, wakati amri ya update-grub inatembea, kwamba os-prober haitaitwa. Yule anayeinstale kwa kufinya "Endelea, Endelea" mbele ya picha nzuri hataliona kamwe. Onyo linalowekwa fasi ambayo mwenye kuonywa hapiti, mimi siliite onyo.

Ushahidi kwamba kulikuwa na njia nyingine ni Linux Mint. Toleo lao la 21, la 2022, lilimrudisha os-prober kazini toka mwanzo, na walisema wazi ni kwa ajili ya wenye mifumo miwili. Waliangalia watu wao ni akina nani. Nawapa hapo heshima yao.

Naiondoa sasa hivi, juu ya lile neno "ubuntu" lililomchanganya mudogo. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na inachukua butiloda yenye sahihi ya Ubuntu ili Secure Boot iikubali. Ndani ya ile butiloda imeshaandikwa dosie gani itafute: EFI/ubuntu. Kwa hiyo Mint inajiandikisha kwa mashini na jina la mwingine. Ikiwa peke yake, ao na Debian, ni kero ndogo tu, unajua jina na unapita. Lakini weka Mint na Ubuntu kwenye diski moja, na hii njo ndoa ambayo vijana wengi wanaijaribu! Zote mbili zinaandika ndani ya dosie ile ile. Mle ndani kuna kafaili ka mistari mitatu, grub.cfg, kanakosema: tafuta partisio yenye kitambulisho hiki, soma menyu yake. Ya mwisho kuinstaliwa inafuta kitambulisho cha ya kwanza na kuandika chake. Hapo hata F9 haikusaidii, kwa sababu mstari ni mmoja tu, ubuntu, na nyuma yake kuna mutu mumoja. Tena si mara moja. Siku ile nyingine inapopata sasisho la GRUB, inajiandika tena, na asubuhi unakuta santinele amebadilishwa usiku bila wewe kuulizwa.

Ubuntu ni neno la ndugu zetu wa kusini, ni utu wetu huu huu, mutu kuwa mutu pamoja na wengine. Dosie yenye jina hilo inaenea mutu mumoja. Wangetafuta mzaha hawangepata huu.

Kuna jambo lingine linaloniudhi kuliko hilo, na nitalipita haraka. Programu ya kuinstale ambayo Ubuntu ilitumia miaka mingi, na Mint nayo, inakuuliza butiloda iwekwe kwenye diski gani. Unachagua kwa makini. Kwa mashini za UEFI, jibu lako halifuatwi: inaandika kwenye partisio ya EFI ya kwanza inayoiona. Watumiaji walilalamika juu ya hilo tangu 2014. Mutu akiwa na diski mbili, anafikiri ametenganisha mifumo yake, kumbe zote zinategemea diski moja. Mimi ningependa nisiulizwe kabisa.

Sasa namna ya kutengeneza, kwa yule aliye mbele ya mashini hivi sasa.

Kama unaweza kuingia kwa moja kati ya hizo mbili, hata kwa F9 ao F12, uko karibu kumaliza. Fungua teminali, andika lsblk -f, uone partisio zako zote bado ziko. Hiyo ni ya kutuliza roho. Kisha uamue nani atashika mlango. Kama ni ile mpya, Debian kwa mfano, fungua faili /etc/default/grub, weka mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, halafu update-grub. (Kwa Debian, kama ulitoa neno la siri la root wakati wa kuinstale, sudo itakukatalia, ingia kwanza na su - na kile kistari, kwani bila kistari itakuambia haijui update-grub.) Utaona mstari unasema imepata Linux Mint kwenye partisio fulani. Kwa mudogo ilikuwa hivyo, na menyu ikawa na majina mawili.

Kama unataka ya zamani irudi kwa mlango, ingia ndani yake, andika sudo grub-install, kisha sudo update-grub. Kwa mashini ya zamani isiyo ya UEFI unaongeza jina la diski, sudo grub-install /dev/sda, diski nzima bila namba ya partisio. Mimi napendelea ya zamani ibaki mlangoni, kwa sababu njo ile yenye kazi yako. Na kuna jambo ambalo maelezo mengi yanasahau: anayeshika mlango anajua tu kerneli za jirani alizoziona siku ya mwisho ya update-grub. Jirani akipata kerneli mpya na kufuta ya zamani, menyu itaita mutu aliyehama. Kwa hiyo kila mara ile nyingine inapobadilisha kerneli, rudi kwa mwenye mlango, andika sudo update-grub. Kama unaanza upya na ile ya pili ni Mint, zuia matata toka mwanzo: anzisha kuinstale kwa teminali na amri ubiquity -b, haitagusa butiloda hata kidogo.

Na kama uko mbele ya grub> tu? Mara nyingi ni yule aliyefuta partisio ya Linux ya pili akifikiri atarudia hali ya zamani. Amefukuza mpangaji, lakini santinele wake bado yuko mlangoni, anatafuta orodha iliyoenda na mwenyewe. Andika ls, utaona majina kama (hd0,gpt3). Jaribu moja moja, ls (hd0,gpt3)/ mpaka uone home, etc na boot. Hapo andika configfile (hd0,gpt3)/boot/grub/grub.cfg na menyu ya zamani itatoka. Ingia, fanya grub-install na update-grub kama juu.

Ni mstari mumoja, lakini hapa kwetu umeshinda watu wengi kwa sababu ambayo walioandika maelezo huko mbali hawaifikirie: GRUB kawaida inaamini klavie yako ni ya Kiingereza. Mashini zetu nyingi ziko na klavie ya Kifaransa, AZERTY. Unaandika mabano, inatoka kitu kingine, unafikiri mashini imeharibika zaidi. Kwa klavie ya Ufaransa, mabano ya kufungua ni Shift na ile ya 9, ya kufunga ni Shift na ile ya 0. Namba zenyewe unafinya bila Shift. Mkato unatoka kwa batani ya ; na nukta kwa batani ya : na mkwaju / kwa batani ya! iliyo kando ya Shift ya kuume. Herufi a iko kwa Q, na m iko kwa batani ya mkato. Klavie ya Ubelgiji inatofautiana kidogo: pale mkwaju uko kwa batani ya =. Nakiliza haya kwa karatasi, kwa sababu siku ile mashini yako haitaweza kukufungulia huu ukurasa.

Inabaki Boot-Repair, ambayo kila mutu atakushauri. Ni programu yenye kitufe kimoja kikubwa cha kutengeneza, na mara nyingi inafaulu. Kasoro yake kwangu ni kwamba inainstale GRUB upya kabla haijakuambia kulikuwa na nini. Ni daktari anayeandika kinini mbele ya kupima damu. Pia, ukiitafuta kutoka Ubuntu, inataka intaneti, na wewe uko na mega za kuhesabu. Lakini flashi ya kuinstale Mint inayo tayari ndani, kwenye menyu ya Administration, bila mega hata moja. Kwa mashini ambayo haiingii popote, ni njia halali. Fungua kwanza faili zako kutoka ile flashi, nakili memware kwa diski ya nje, halafu finya kitufe.

ISO ya Mint ni karibu GB 3, flashi ya GB 8 inatosha. Mukiwa watu watano wa promosio moja, mmoja anashusha usiku na wengine wananakili. Na yule anayeikopesha aandike jina lake juu yake na marka, maana mu Bukavu flashi zinapotea kuliko biki.